Projekta Darasani: Picha Isiyoonekana na Picha Inayodanganya

Mwanachuo anayejiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha huiogopa projekta kwa sababu moja kubwa: huenda ikakataa kuonyesha picha mbele ya wanafunzi hamsini. Hofu hiyo ina msingi, lakini liko jambo baya zaidi. Projekta iliyozimika haimfundishi mtoto uwongo. Imfundishayo uwongo ni ile inayowaka vizuri na kutoa picha, kumbe picha yenyewe imepotoka rangi au umbo na mwalimu hana habari. Katika makala haya tutaanza na hitilafu za aina ya kwanza, ambazo zahitaji utaratibu tu, kisha tutakaa zaidi na zile za pili.

Picha isipoonekana, yafaa tuifuate njia ya umeme na ya picha tangu soketi hadi lenzi, tukikagua kitu kimoja baada ya kingine. Mwalimu anayebadilisha waya, kubonyeza rimoti na kuwasha upya kompyuta kwa mkupuo mmoja hatajua ni lipi lililotibu, na tatizo likirudi kesho ataanza upya. Je, soketi ina umeme? Kifuniko cha lenzi kimeondolewa? Wanachuo hulicheka swali hili la pili, lakini na liulizwe. Katika shule zitumiazo umeme wa jua, tuangalie pia uwezo wa inveta. Projekta nyingi za taa hutumia wati 200 hadi 300. Inveta ya wati 150 haitaiweza, hata kama inawasha redio na taa za ofisi bila shida.

Ikiwa ukutani pana mwanga wa buluu na maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba hakuna ishara inayoingia, tusiilaumu projekta, kwani inasubiri picha tu. Tubonyeze kitufe cha kuchagulia chanzo mpaka ifikie tundu tulilochomeka waya, ambalo kwa kawaida limeandikwa HDMI au VGA. Kisha tuigeukie kompyuta. Katika kompyuta za Windows, tangu toleo la 7 la mwaka 2009, ukishikilia kitufe chenye nembo ya Windows na kubonyeza herufi P hutokea orodha fupi: picha ibaki kwenye kompyuta peke yake, ionekane pande zote mbili, itandazwe kutoka kompyuta hadi ukutani, au iende kwenye projekta tu. Kwa somo la kawaida, tuchague pande zote mbili. Ukichagua kutandaza, darasa litatazama mandhari matupu na somo lako litabaki mezani.

Kazi hii yote isizidi dakika tano, na kabla ya kuianza wanafunzi wapewe swali la kujadiliana wawili wawili. Dakika tano zikiisha, tuzime, tuchukue chaki. Kwa hiyo andalio la somo halina budi kuwa na mchoro mmoja ambao mwalimu aweza kuuchora ubaoni kwa mkono wake.

Hitilafu moja ya aina hii yastahili maelezo zaidi. Umeme hukatika, ukarudi baada ya dakika moja, na taa ikakataa kuwaka. Mwalimu hudhani imekufa, akaendelea kubonyeza. Taa ya projekta nyingi ni kichupa kidogo chenye zebaki. Ikiwaka, zebaki hugeuka mvuke wenye mgandamizo mkubwa mno, na mvuke huo ukiwa bado moto taa haiwezi kuwashwa tena. Tuiache ipoe. Kwa sababu hiyohiyo tusiing'oe plagi mara tu baada ya kuzima, bali tungoje feni inyamaze yenyewe. Projekta inayozimika katikati ya somo kila siku huwa aghalabu imeziba vumbi kwenye chujio la hewa, au imewekwa juu ya kitambaa kinachofunika matundu yake. Taa ikipasuka, tuwatoe watoto nje na kufungua madirisha, kwani zebaki ni sumu. Zile zitumiazo LED au leza hazina taa ya zebaki, lakini vumbi huziathiri pia.

Sasa tuje kwenye picha inayodanganya. Tulimwona mwanachuo mmoja akifundisha mzunguko wa damu katika darasa la sita. Kwenye kompyuta yake ateri zilikuwa nyekundu na vena za buluu juu ya karatasi nyeupe. Ukutani karatasi ilikuwa ya njano na vena nyeusi tititi. Yeye alisoma kutoka kompyuta yake. Wanafunzi walinakili kutoka ukutani. Hakuna aliyeinua mkono. Daftari moja tulilolipitia baadaye lilikuwa na sentensi kwamba damu inayorudi moyoni ni nyeusi. (Hata hiyo buluu ni desturi ya wachoraji tu. Damu ya vena ni nyekundu iliyokoza, na hilo nalo lilipaswa kusemwa.)

Kisa kilikuwa pini moja. Plagi ya VGA, iliyoanza kutumika mwaka 1987, ina nafasi 15 za pini katika safu tatu, na mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu kila mmoja una pini yake. Mianga hii mitatu ikichanganyika hutoa weupe. Ukiondoa buluu, weupe hugeuka njano, na chochote kilichokuwa cha buluu huwa cheusi. Ukiondoa kijani, weupe huwa zambarau ya kuelekea waridi. Ukiondoa nyekundu, huwa buluu ya kuelekea kijani. Basi ukurasa wa kwanza wa kila somo na uwe mweupe mtupu, nasi tuugeukie ukuta tuutazame. Rangi ikiwa na kasoro, tuchomoe plagi, tuchunguze kama pini imepinda, tuirudishe sawasawa na kukaza skrubu zake mbili. Pini ya 9 hukosekana katika waya nyingi kwa makusudi ya watengenezaji, tusihangaike nayo. Waya ya HDMI kwa kawaida haipotezi rangi moja hivi: ikiharibika, picha hukatika au hujaa nukta.

Umbo nalo hudanganya. Projekta iliyowekwa kwenye dawati la chini na kuinuliwa pua kwa kitabu hutoa picha pana juu na nyembamba chini. Katika hadithi ya sungura hilo si neno. Katika somo la mraba ni balaa, kwa sababu mtoto anaambiwa pande nne ni sawa huku macho yake yakikataa. Projekta nyingi zina kirekebishi cha ndani, lakini hicho huminya picha kwa kutumia nukta chache zaidi, na herufi ndogo hufifia. Afadhali kuinua meza mpaka lenzi iuelekee ukuta moja kwa moja. Tuonyeshe mraba, tupime ukutani kwa rula ya ubao upande wa juu, wa chini na wa wima. Tuonyeshe na duara: likiwa kama yai, uwiano wa upana na kimo uliochaguliwa kwenye kompyuta au projekta haulingani na wa picha.

Picha ikiwa hafifu, wengi huirudisha projekta nyuma ili picha ikue, na hapo huzidisha tatizo. Projekta iliyo mita 2 kutoka ukutani ikitoa picha ya upana wa mita 1.5, ukiirudisha hadi mita 4 upana utakuwa mita 3. Eneo limekuwa mara nne, na kila sehemu ya ukuta yapata robo tu ya mwanga wa awali. Tuisogeze mbele, tuzibe dirisha lililo karibu na picha, na wanafunzi wa nyuma waje mbele wakae sakafuni.

Sauti isiposikika, tukumbuke kwamba waya ya VGA haibebi sauti kabisa. Spika iunganishwe na kompyuta.

Mwanafunzi anayeitwa mbele kuonyesha kitu asimame pembeni mwa picha, ashike fimbo ndefu na kuutazama ukuta. Akigeuka kuwajibu wenzake hali amesimama mbele ya lenzi, mwanga wote humwingia machoni.