Kuunganisha Simu na Tarakilishi Bila Waya: Somo Nililolipata kwa Aibu

Katika toleo hili nimeonelea nikugawie jambo nililojifunza likizo ya Aprili, tena nililojifunza kwa kuaibika.

Chanzo chake ni hiki. Nilikuwa nikiunda programu ndogo ya msamiati kwa ajili ya chama chetu, ili mwanachama akiandika nomino aonyeshwe ngeli na wingi wake. Programu ya namna hii huandikwa kwenye tarakilishi, lakini lazima ijaribiwe kwenye simu na makosa yake yasomwe papo hapo. Kazi hiyo ya kusaka makosa huitwa utatuzi, na chombo chake kwa simu za Android ni adb. Kwa kawaida hutumia waya wa USB. Sasa, simu kuukuu niliyoazimwa na kaka yangu ilikuwa na tundu lililolegea: chaji inaingia, data haipiti! Bahati nzuri ilikuwa na ruti, yaani mwenye simu ana mamlaka yote juu yake, hata yale ambayo mtengenezaji huyafungia. Basi nikatafuta njia ya kupitia hewani. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, fungua Mipangilio, uende kwenye Kuhusu simu, uguse Nambari ya muundo mara 7. Utapata Chaguo za wasanidi programu. Humo, washa Utatuzi wa USB.

Pili, hakikisha simu na tarakilishi ziko kwenye Wi-Fi moja. Tazama anwani ya simu katika mipangilio ya Wi-Fi. Yangu ilikuwa 192.168.1.7.

Tatu, kwenye simu fungua teminali, yaani programu ya kuandikia amri, uandike hizi moja moja:

su
setprop service.adb.tcp.port 5555
stop adbd
start adbd

Amri ya kwanza huomba mamlaka ya ruti. Ya pili huagiza adb isikilize kwenye mlango nambari 5555. Mbili za mwisho huizima na kuiwasha upya ili ishike agizo hilo.

Nne, kwenye tarakilishi andika:

adb connect 192.168.1.7:5555

Simu itauliza kama unairuhusu tarakilishi hiyo. Ukikubali, kazi imekwisha.

Ilipokubali mara ya kwanza nilirukaruka kama ndama. Nikaipa adb ruhusa ya kutumia ruti daima, eti nisisumbuliwe na maswali. Kumbe nilikuwa najichimbia kisima!

Siku tatu baadaye nilienda na simu hiyo kwenye duka moja la intaneti, nikajiunga na Wi-Fi yao. Tangu siku ile sikuwa nimeizima. Mara swali la ruhusa likatokea kwenye kioo. Bila kusoma, nikabonyeza kukubali. Haikupita dakika nyingi, jamaa aliyeketi pembeni akaniuliza, "Kijana, kaka yako ameshalipa karo ya muhula wa pili?" Kisha akanisomea ujumbe wa M-Pesa wa kaka yangu, kiasi na tarehe, kutoka kwenye tarakilishi yake! Kijasho chembamba kilinitoka. Jamaa hakuwa mwizi. Alikuwa akichunguza mtandao, akaona mlango 5555 uko wazi, akabisha, nami nikamfungulia. "Angekuwa mwingine," akasema, "ungeenda kumwambia nini kaka yako?" Sikuwa na jibu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kwa hivyo, hatua ya tano ndiyo kuu kuliko zote: ukimaliza, funga. Rudi kwenye teminali, uandike tena su, kisha:

setprop service.adb.tcp.port -1
stop adbd
start adbd

Kuzima simu na kuiwasha pia hufuta agizo hilo. Halafu, katika Chaguo za wasanidi programu, futa ruhusa zote za tarakilishi ulizowahi kuzikubali, na uzime utatuzi wenyewe.

Zingatia pia kwamba njia hii ya zamani haifichi data inayopita hewani. Itumie kwenye Wi-Fi ya nyumbani tu, wala si ya umma. Ikiwa simu yako ni ya Android 11, iliyotoka mwaka 2020, au ya baadaye, huhitaji ruti: tumia Utatuzi usiotumia waya, ambao huunganisha kwa msimbo wa tarakimu 6 na kuficha data.

Jioni ile nilimweleza kaka yangu yote. Alinyamaza kitambo, akaichukua simu, akabadilisha nambari zake za siri, kisha akanirudishia. Programu ya msamiati niliimaliza, na sasa inatumika chamani. Lakini kila nikimaliza kazi, mkono wangu hutangulia kufunga kabla sijainuka kitini.

Ni hayo tu, ndugu msomaji. Wasalaam.