Mnyama Mweupe Mbele ya Kamera

Kamera haijui nyeupe. Tuanze hapo, maana ndipo picha nyingi za wanyama weupe zinapoharibika. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera, na ndani ya simu yako pia, huchukulia kwamba kila kinachokiona, kwa wastani, ni kijivu. Jaza fremu nzima kwa ukuta wa chokaa wa Mji Mkongwe, kitapunguza mwanga mpaka ukuta utoke na rangi ya jivu. Weka kitu cheupe kidogo katikati ya msitu wenye giza, kitafanya kinyume: kitaongeza mwanga ili majani yaonekane, na kile cheupe kitaungua. Na palipoungua hapana kitu tena. Hata uhariri vipi, huwezi kurudisha manyoya ambayo kamera haikuyachukua.

Kwa mnyama wa kawaida hiyo ni picha mbaya tu, unafuta unapiga nyingine. Kwa mnyama aliyezaliwa mweupe kinyume na wenzake, umepoteza ushahidi. Mchukue Omo, twiga jike wa Hifadhi ya Tarangire aliyevuma duniani mapema mwaka 2016. Mwongoza watalii ndiye aliyempa jina hilo, la ile ile sabuni ya unga tunayofulia. Watu wakakimbilia kusema ana ualbino. Hana. Macho yake ni meusi, nywele za shingoni zina rangi ya kutu, na mabaka yake yapo, ila yamefifia. Hali hiyo inaitwa leusizimu: ngozi na manyoya hukosa rangi, yote au sehemu tu, lakini macho hubaki kama ya wenzake. Kwenye ualbino, melanini yenyewe haitengenezwi au hutengenezwa kidogo mno, hadi machoni. Kwa hiyo jibu lote liko kwenye jicho na kwenye yale mabaka hafifu, vitu viwili ambavyo picha iliyoungua haivionyeshi.

Tujifunzie wapi, sisi tusio na nauli ya Tarangire? Hapa hapa Unguja. Ijumaa mchana mwombe rafiki mwenye kanzu nyeupe asimame mbele ya ukuta wa chokaa. Kwenye simu, gusa kanzu pale kwenye kioo, kisha buruta kile kijua kidogo juu au chini mpaka mikunjo ya kitambaa ionekane na kanzu ibaki nyeupe. Mwenye kamera aongeze +1, hata +2, nyeupe ikijaa fremu. Kisha mhamishe huyo rafiki kwenye kichochoro chenye kivuli, usimame mbali: sasa punguza -1. Tazama histogramu; mlima ukigonga ukingo wa kulia, umeunguza. Anayeweza kupiga RAW apige, kadi ijae ikitaka.

Ukishaielewa kanzu, nenda kwa yangeyange kwenye mashamba ya mpunga ya Cheju, saa moja hadi saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Halafu Jozani, daladala za Makunduchi zinapita mlangoni. Kima punju ni mtihani wa kweli: mgongo wa rangi ya kutu, mabega meusi, tumbo jeupe, na nywele nyeupe kuzunguka uso. Weka mwanga kwa lile tumbo, weusi utajitegemea. Usitumie flashi, na usimsogelee eti kwa sababu kakuzoea. Mafua yetu yanaweza kumwambukiza.

Na jamani, si kila cheupe ni ajabu. Yangeyange ndivyo alivyo, na kunguru mwenye kifua cheupe hajapungukiwa na kitu.

Sasa tuseme umempata wa kweli. Subiri kwanza kabla ya kurusha. Mwaka 2017 video ya twiga weupe wa Ishaqbini, kaunti ya Garissa nchini Kenya, ilizunguka dunia. Machi 2020 jike na ndama wake walikutwa mifupa mitupu, wameuawa na majangili. Alibaki dume mmoja, na Novemba mwaka huo huo akafungwa kifaa cha GPS kwenye pembe. Sisemi video ndiyo iliyowaua. Nasema mnyama asiyeweza kujificha nyikani hahitaji sisi tumtangazie na anwani. Tena kwetu weupe umewahi kuwekewa bei: watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa ushirikina. Maandishi ya “mnyama wa bahati” chini ya picha si mzaha hata kidogo.

Zima mahali kwenye kamera ya simu yako kabla ya kupiga. Kata kibao cha njia, kata mti unaojulikana. Mahali kamili waambie askari wa hifadhi, hao tu. Chini ya picha andika aina ya mnyama, tarehe, sehemu gani ni nyeupe na ipi si nyeupe, na rangi ya macho. Pa mahali, andika “Unguja”.