Jinsi Tanuri Dogo la Nyuklia Linavyotawaliwa

Mkulima wa Kitui au Makueni ajua vyema hesabu ya mbegu. Mche mmoja wa ndengu huzaa mbegu nyingi, lakini mkulima akiweka akiba ya kutosha shamba lile lile tu, shamba halikui wala halipungui. Akiweka zaidi na kuzipanda zote, shamba hupanuka. Akiweka chache, hupungua. Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayotawala tanuri la nyuklia.

Ndani ya tanuri mna madini ya urani. Chembe ndogo sana iitwayo nyutroni ikipiga kiini cha urani, kiini hupasuka, hutoa joto, na kwa kawaida hutoa nyutroni nyingine mbili au tatu. Ikiwa katika hizo ni moja tu inayokwenda kupasua kiini kingine, moto hukaa sawa. Zikizidi moja, moto hupanda; zikipungua, moto hufifia.

Kazi ya kumeza nyutroni za ziada hufanywa na fimbo zenye boroni. Zikishushwa ndani, moto hupungua, zikiinuliwa, huongezeka. Fimbo hizo hushikwa juu kwa sumaku ya umeme, hata umeme ukikatika huanguka zenyewe na kuuzima moto. Tena, katika kila nyutroni 10,000 zitokazo katika urani, 65 hivi huchelewa, nyingine karibu dakika nzima. Kuchelewa huko ndiko kunakompa msimamizi nafasi ya kusogeza fimbo kwa utaratibu.

Tanuri la kwanza la Afrika liliwashwa mwaka 1959 mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Liliitwa TRICO I, nalo lilikuwa la utafiti, lenye nguvu ya kilowati 50 tu, kama birika 25 za umeme. Tanuri la aina hiyo lina breki ya asili: urani yake imechanganywa na haidrojeni. Joto likipanda ghafla, haidrojeni huzizidishia nyutroni mwendo, na nyutroni za mbio hazipasui urani kwa urahisi. Moto hushuka kabla mtu hajanyosha mkono.

Lakini breki hiyo haizuii mwizi. Vijiti viwili vya urani viliibwa katika kituo cha Kinshasa, na kimoja kilipatikana Italia mwaka 1998. Kwa hiyo kulitawala tanuri ni kutunza kufuli na daftari pia.

Kenya bado haijajenga tanuri la nyuklia. Hata hivyo, sheria za mwaka 2019 ziliweka vyombo viwili mbali mbali: kimoja cha kuendeleza nishati hiyo, na kingine cha kuisimamia. Mwananchi akiambiwa habari za mpango wa tanuri, na aulize mambo matatu: Nani ahesabuye urani? Nani awezaye kuamuru moto uzimwe? Na je, taarifa za wakaguzi zitasomwa na watu wote? Majibu ya maswali hayo ni sehemu ya usalama kama zilivyo zile fimbo.