Nyumba ya Makimbilio

Zamani pwani ya mashariki ya Florida, katika nchi ya Marekani, ilikuwa nyika yenye watu wachache mno. Merikebu ilipovunjika, baharia aliyejaliwa kufika ufukoni aliweza kuokoka maji, kisha afe kwa njaa na kiu mchangani. Basi mwaka 1876 serikali ikaanza kujenga nyumba za makimbilio. Jumla yake zikawa 10.

Moja yaitwa Gilbert's Bar. Mlinzi wake alikaa humo pamoja na jamaa yake, hana kundi la wapiga makasia. Kila baada ya tufani alitembea ufukoni kutafuta watu, awalishe na kuwavika. Kazi ya kungoja tu, mtu angesema, lakini sikieni.

Usiku wa Oktoba 16, 1904, merikebu ya Kiitalia, Georges Valentine, iliyochukua mbao, ilivunjwavunjwa na mawimbi mbele ya nyumba hiyo. Mlinzi William Rea akatoka kuwatafuta mabaharia gizani. Katika watu 12 wakaokoka 7. Hata hawajapumzika, siku ya pili merikebu ya Kihispania ikavunjika karibu na hapo, na watu wake nao wakapokewa.

Nyumba zile nyingine zimetoweka. Hii ingali imesimama juu ya mwamba wake, na mabaki ya Georges Valentine yamelala chini ya maji mbele yake.