Jumba la Ngoma na Ngao: Namna ya Kuingia, Kutazama na Kununua Sanaa Arusha

Ukitoka mjini Arusha kwa barabara ya Dodoma, kabla hujafika uwanja wa ndege wa Kisongo, utaona jumba lisilofanana na jengo jingine lolote la jiji hili. Limebuniwa kwa maumbo ya ngoma, ngao na mkuki. Ndilo jumba la sanaa la kituo cha Cultural Heritage, kilichoanzishwa mwaka 1994 na mfanyabiashara Saifuddin Khanbhai. Magari ya watalii wanaokwenda Manyara, Ngorongoro na Serengeti husimama pale, abiria wakashuka kutazama na kununua. Wakazi wengi wa Arusha hulipita wakiwa ndani ya hiace, wakidhani mahali pale si pao. Kuingia ni bure, na mlango uko wazi kwa mkazi kama ulivyo kwa mgeni.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba pale pana jumba la sanaa na biashara chini ya paa moja. Vinauzwa vinyago, picha, vito na hasa tanzanaiti, jiwe lililoanza kujulikana mwaka 1967 na ambalo duniani kote huchimbwa Mererani peke yake. Duniani, wauzaji wa bidhaa za thamani wamekuwa wakijenga hivi kwa muda mrefu. Hermès walimwita Renzo Piano awajengee jumba la vioo mtaa wa Ginza, Tokyo, lililofunguliwa mwaka 2001 likiwa na ukumbi wa maonyesho ya sanaa juu ya duka. Louis Vuitton nao walimpa Frank Gehry kazi ya jumba lao la sanaa mjini Paris, likafunguliwa mwaka 2014. Mfanyabiashara anajua kwamba mtu aliyekaa na kazi nzuri kwa saa nzima hununua kwa moyo mkunjufu zaidi. Hilo lisikukere. Wewe nenda ukiwa na macho yako na maswali yako.

Ndani, njia kuu ni mteremko mpole unaozunguka na kupanda, kwa mtindo uliopata umaarufu kutokana na jumba la Guggenheim la New York, lililosanifiwa na Frank Lloyd Wright na kufunguliwa mwaka 1959. Faida yake ni kwamba unaweza kuona kazi iliyo mbele yako na ile ya ng'ambo kwa wakati mmoja. Tembea polepole. Ni afadhali usimame mbele ya kazi tano kwa dakika kumi kila moja kuliko kupita mbele ya mia tano. Utakuta picha za rangi, sanamu, picha za wanyamapori, na barakoa za kale, ambazo nyingi zimetoka Afrika Magharibi na Kongo. Kwa hiyo usidhani kila unachokiona ni cha Tanzania. Uliza kimetoka wapi.

Halafu uliza swali ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko yote: nani amekitengeneza? Nchi hii imezoea kuuza vinyago kwa kilo na kwa kimo, mchongaji akiwa hana jina. Lakini majina yapo. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, jirani zetu wa Kilimanjaro, alichora mwaka 1956 picha ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na leo picha hiyo imo katika hazina ya Museum of Modern Art, New York. Edward Saidi Tingatinga alianzisha mtindo wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa mbao za dari na rangi ya mafuta, akafariki mwaka 1972, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Wanafunzi wake na wafuasi wao huichora picha ileile mara nyingi, na hakuna ubaya kwa hilo, ila bei ifanane na kazi. Geuza picha utafute sahihi. Kama haipo, mwombe muuzaji akutajie mchoraji.

Kwenye vinyago vya Wamakonde, tazama chini, sehemu ya kukalia. Mpingo una kiini cheusi au cha kahawia iliyokolea, na nje yake ganda la rangi ya manjano hafifu ambalo wachongaji wengine huliacha kwa makusudi. Ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini huzama. Kinyago chepesi kilichopakwa kiwi ya viatu huacha weusi kwenye kitambaa cheupe chenye unyevu. Usisugue kazi ya mtu bila ruhusa. Mwombe muuzaji asugue yeye. Barakoa za mapiko, yaani zile za ngoma za Wamakonde, kinyume chake, lazima ziwe nyepesi, maana mchezaji huzivaa kichwani. Angalia kwa karibu: mara nyingi utaona nywele halisi za binadamu zimebandikwa kwa nta.

Ukifikia kununua, taka bei kwa shilingi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza kutaja bei ya bidhaa zinazouzwa nchini kwa fedha za kigeni. Dai risiti ya EFD. Kama unamnunulia ndugu aliye ng'ambo kitu cha kale, uliza kwanza kibali, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazuia kutoa malikale nchini bila idhini. Na ukishanunua picha, umenunua ubao au turubai lile tu. Kuichapa kwenye fulana au kalenda kunahitaji ruhusa ya mchoraji, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA.

Kama fedha hazitoshi, nenda hivyo hivyo. Wapeleke watoto wanaopenda kuchora, na wachongaji wa mitaani waende wakaone kazi kubwa zinavyopangwa na kuangaziwa taa. Na wewe unayenunua, hata kama ni kinyago cha urefu wa kiganja, andika jina la mchongaji, kijiji chake na mwaka, ubandike chini ya kazi hiyo kabla hujatoka mlangoni.