SOMO LA MWEZI: MJANE ASIYENYAMAZA

Soma Luka 18:1-8 na Waefeso 4:1-3.



Mjane wa mfano huu hakuwa na fedha, wala silaha, wala ndugu wa kumsemea. Alikuwa na miguu ya kwenda na kinywa cha kusema. Tumtazame tukiwafikiri akina mama wa Palestina, ambao kwa miaka mingi wamesafiri nchi za mbali kueleza maisha yao.

Mwaka 1967 Israeli iliteka kwa vita Yerusalemu ya Mashariki, Ukingo wa Magharibi wa Yordani na Gaza. Jean Zaru wa Ramallah, mama wa Kanisa la Marafiki, aliingia Kamati Kuu ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1975, mwaka ambao Baraza lilikutana Nairobi, akatumika hadi 1983. Hanan Ashrawi, Mwanglikana mwenzetu, alikuwa msemaji wa ujumbe wa Wapalestina katika mkutano wa amani wa Madrid mwaka 1991. Na tarehe 1 Machi 2024, Siku ya Maombi ya Dunia ilifuata ibada iliyotayarishwa na wanawake Wakristo wa Palestina.

Wanasema nini? Mara nyingi husema mambo ya nyumbani. Kutoka Bethlehemu hadi Yerusalemu hazifiki kilomita 10, lakini kwenda kusali huko wakati wa Pasaka kunahitaji kibali. Huenda mama akapewa na baba akanyimwa. Wako waliojifungua kwenye kizuizi cha askari. Ukuta ulioanza kujengwa mwaka 2002 umewatenga wakulima na mizeituni yao, wangoje lango lifunguliwe ndipo wavune.

Hapa tuna shida sisi. Tukisikia jina Israeli katika Zaburi, twafikiri ni dola ya leo, tukaziba masikio. Lakini Mungu wa Israeli ndiye aliyewaamuru watu wake wasimwonee mjane wala mgeni. Wala kumsikiliza mama mmoja si kumchukia mwingine. Tarehe 7 Oktoba 2023 watu wapatao 1,200 waliuawa Israeli. Katika vita iliyofuata, maelfu kwa maelfu waliuawa Gaza. Mama wa kila upande amezika mtoto. Bi Zaru mwenyewe amefundisha siku zote kupinga dhuluma bila kumwaga damu.

Kadhi yule alisikiliza kwa sababu alichoshwa. Sisi tusingoje kuchoshwa. Waumini wetu waendao kuhiji huona kaburi na mto, wakarudi bila kusalimiana na Wakristo waishio pale. Hao ndio mawe yaliyo hai.

Maswali ya kuzungumza:
1. Katika mtaa wetu, ni nani ambaye analia nasi tumezoea kilio chake?
2. Mgeni akituletea habari za mateso, twamwonea huruma tu, au twamwuliza anataka tufanye nini?
3. Twawezaje kuwaombea Wapalestina na Waisraeli katika sala moja?