Kwa Nini Nyota za Kaboni ni Nyekundu Mno

Chini ya kundinyota la Orioni ipo nyota ya kaboni iitwayo R Leporis, ambayo Mwingereza John Russell Hind aliieleza mwaka 1845 kwa sababu ya wekundu wake uliopita kiasi. Uso wake una joto dogo kwa nyota, na hilo peke yake lingetosha kuifanya nyekundu. Wekundu uliozidi unatoka kwenye angahewa yake.

Tuanze na atomu. Elektroni yake hukaa kwenye viwango maalumu vya nishati, na haiwezi kusimama katikati ya viwango viwili. Hivyo hufyonza mwanga wenye nishati ileile hasa inayohitajika kuipandisha kiwango kamili. Mwanga mwingine hupita. Katika spektra tunaona mstari mwembamba mweusi. Molekuli ina ya ziada: atomu zake hutetemeka, zikikaribiana na kuachana, na molekuli nzima huzunguka. Mtetemo na mzunguko navyo vina viwango vyake, kwa hiyo mruko mmoja wa elektroni hugawanyika kuwa miruko mingi inayokaribiana sana. Mistari ikisongamana, huwa ukanda wa giza.

Ukanda mmoja wa molekuli ya atomu mbili za kaboni huanzia nanomita 516.5, kwenye kijani, na kufifia kuelekea bluu. Padri Angelo Secchi, akiwa Roma miaka ya 1860, aliutambua kuwa alama ya kaboni. Molekuli hiyohiyo hung'aa katika mwali wa jiko la gesi. Kwenye nyota inaonekana giza kwa kuwa imekaa kwenye tabaka lililopoa, mbele ya uso wenye joto zaidi: inameza mwanga unaotujia, kisha inautawanya pande zote.

Lakini kaboni hiyo ilibakije huru? Hapa ndipo penye uzuri wa jambo lenyewe. Kaboni na oksijeni hushikana kuwa kaboni monoksidi kwa nguvu isiyo na mfano kati ya molekuli za atomu mbili, takriban elektronivolti 11. Zikikutana mahali palipopoa, ile iliyo chache huisha yote. Kwenye Jua oksijeni inakaribia mara mbili ya kaboni. Nyota nyekundu za kawaida zina uwiano wa namna hiyo, hivyo oksijeni inayosalia huunda oksidi ya titani na mvuke wa maji. Ndani ya R Leporis, heliamu iliungana kuwa kaboni, na mikondo ya gesi ikaipandisha juu hadi ikaipita oksijeni kwa idadi. Oksijeni ikafungwa yote. Kaboni iliyozidi ikajiunga yenyewe kwa yenyewe, na kwa nitrojeni na hidrojeni, ikaziba bluu.